Medali ya Bwana Zelikman

Wanawake ishirini na tatu walikuwa wamejaa kwenye majlis ya kina Huwaida, chumba chao cha wageni, pale Ibra, Oman. Halwa ilishafunuliwa, kahawa ilishamiminwa, na hakuna aliyetia kitu mdomoni kwa sababu Kaltham alikuwa bado anaukagua mkufu.

Siku ya zahba ndivyo ilivyo. Vitu vya biharusi vinatandazwa juu ya zulia, vya kutoka kwa mume na vya kwao mwenyewe, halafu kila kimoja kinapita mkono kwa mkono mpaka kila mwanamke akiguse, akinuse, akipime kichwani na asiseme. Kusema ni baadaye, garini. Harusi ilikuwa Alhamisi ya wiki ya pili, ukumbi umeshakodiwa, na Huwaida, biharusi mwenyewe, alikuwa chumbani na hina mbichi mikononi, ya majaribio, anasikiliza mlangoni.

Kaltham ndiye mama wa bwana harusi. Aliondoka Unguja sitini na nne akiwa msichana wa miaka kumi na tano, na mpaka leo akisema "kwetu Unguja" utadhani anasema kwetu peponi. Kina Huwaida wao walitoka Mwanza. Watu wa Ibra wasiojua Kiswahili wanawaita wote Wazinjibari, na hilo ndilo linalomuunguza Kaltham roho, kutiwa gunia moja na watu wa bara. Ndoa hii alikuwa ameikubali baada ya miaka miwili ya kununa.

Mkufu wenyewe ulikuwa wa fedha, wa kale, una reale nane, zile sarafu kubwa za zamani. Kaltham alizigeuza moja moja. Mbele malkia wa Kizungu mnene, nyuma tai wa vichwa viwili. Ya kwanza tai, ya pili tai, ya tatu tai. Alipofika ya katikati hakukuta tai. Alikuta jengo lenye bomba la moshi. Akaigeuza, na malkia hayupo: yupo mwanamume mwenye ndevu na miwani na kofia ndogo utosini, na kuzunguka ukingo maandishi ya Kizungu, na chini yake maandishi mengine ya pembepembe.

Akampa binti yake, Shurooq, anayesoma koleji Sur. Shurooq akaenda nayo dirishani. Ulikuwa mwezi wa nne, mwaka elfu mbili na mbili, na televisheni za Ibra zilikuwa kutwa Palestina, vifaru na maiti na kina mama wanalia. Herufi zile alikuwa anaziona kila usiku kwenye mabango ya barabarani, nyuma ya wale askari. Akarudi, akamnong'oneza mama yake. Mnong'ono wenyewe ulisikika mpaka jikoni.

Kaltham akauliza kwa upole kabisa, hii picha ya nani.

Mtu mwenye hadhari angesema hajui, sonara kaitia. Na Turkiya, mama yake Huwaida, alishafungua mdomo aseme hivyo hivyo. Lakini mkwe wake, Bimdogo, bibi yake biharusi, alimuwahi, tena kwa furaha, maana miaka ishirini na saba yuko Oman na hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Huyo Bwana Zelikman," akasema. "Tajiri wa kiwanda cha sabuni, Mwanza. Marehemu mume wangu kafanya kazi kwake miaka ishirini na mbili. Hiyo medali walimtengenezea kiwanda kilipotimiza miaka thelathini, kwa mema aliyowafanyia watu, na kila mfanyakazi wa zamani akapewa moja. Sasa reale moja ilikatika kwenye mkufu, ikapotea, nikaona nitie hii. Fedha safi, ukubwa ule ule. Sonara wa Nizwa mwenyewe kaisifu."

"Zelikman," Kaltham akasema. "Mzungu wa wapi huyo?"

"Si Mzungu hasa. Myahudi."

Mwanamke aliyekuwa zamu ya kuupokea mkufu akaurudisha mkono wake.

"Kwa hiyo mwanangu," Kaltham akasema polepole, kila mtu asikie, "alale na mke mwenye Myahudi kifuani."

"Na Mkristo saba," Bimdogo akajibu. "Huyu bibi mnene kwenye hizi nyengine wewe unamjua? Au ni khalti yako, dada yake mama?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Kicheko kile kiliharibu zaidi kuliko medali. Medali ingezungumzika. Kuchekwa mbele ya wanawake ishirini na tatu, na mwanamke wa bara, Kaltham asingeweza kulala nako nyumba moja. Aliinuka. Akasema kwao Unguja hata watumishi walikuwa wanajua kipi kinavaliwa na kipi kinatupwa. Akasema bara watu wanakula na yeyote, wanazikana na yeyote, ndiyo maana. Hakumalizia ndiyo maana nini. Mkufu aliuachia juu ya zulia kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayeshika panya kwa mkia, kisha akaomba maji ya kunawa.

Turkiya mwenyewe ndiye aliyemshikia birika.

Wakatoka wote wa upande wa mume, kahawa imejaa kwenye finjani. Shurooq alirudi mlangoni peke yake. Turkiya akadhani anakuja kuomba radhi. Alikuja kuchukua sanduku la udi waliloleta, akasema mama kasema libaki kwao mpaka mambo yaeleweke.

Saud, baba yake Huwaida, aliipata habari kabla hajafika nyumbani. Kwenye kituo cha petroli mtu mmoja alimuuliza hali ya jamaa zake wa Tel Aviv. Siku ya pili, ofisini kwake, palipotunzwa kumbukumbu za zamu za maji ya falaj, mfereji wa mashamba, alikuta gazeti limetandazwa juu ya meza, ukurasa wenye picha za watoto waliokufa, na hakuna aliyesema ameliweka yeye. Aliwaambia wenzake kwamba na yeye anaumia kama wao, na ilikuwa kweli, alikuwa ametoa mchango msikitini mara mbili. Wakamwitikia wakiwa wanaangalia karatasi zao.

Lililomuuma zaidi ni la msikitini. Imamu akiwa safari, Saud ndiye husalisha magharibi, miaka sita sasa. Kisomo chake kizuri, watu wanakisifu. Jumapili ile imamu alikuwa safari, Saud akasogea mbele kama kawaida, na kijana wa miaka ishirini akampita ubavuni akasimama mahali pake. Saud akarudi safu ya pili, akasali nyuma ya mtoto anayekosea kuvuta herufi za kisomo.

Ghaith, bwana harusi mwenyewe, alikuja Jumatatu. Hakuingia ndani. Alisimamisha gari nje ya benki anayofanya kazi Huwaida, akampigia mobaili atoke, akampa masharti huku mikono iko kwenye usukani. Mama kasema mawili. La kwanza, ile medali iyeyushwe Nizwa, mbele ya macho yake. La pili, bibi aseme mbele yake na mbele ya dada zake kwamba hakumjua yule mtu ni nani, aliiokota tu, akaitia kwa ujinga. Baada ya hapo zahba inarudi na harusi iko pale pale.

"Na wewe unasemaje?" Huwaida akamuuliza.

Ghaith akasema yeye yuko katikati.

"Katikati ya nini?"

"Katikati tu, Huwaida. Semeni, tuoane, khalas."

Na kibaya ni kwamba Huwaida alikuwa anampenda. Mvulana mwenyewe mpole, anajua kucheka, anamsikiliza mtu akizungumza. Kwa mama yake tu ndiyo alikuwa hana uti wa mgongo, na Huwaida alijiambia hilo litakuja na miaka. Alirudi kwenye kaunta akamhesabia mteja noti mara tatu.

Nyumbani kesi ilikaa baada ya chakula cha mchana. Bimdogo alisikiliza masharti yote, anachambua mchele wa kesho kwenye sinia.

"Kuyeyusha yeyusheni," akasema. "Mkitaka mfanye pete, mkitaka mfanye kijiko. Hicho ni chuma tu. Lakini kusema simjui, hapana."

Turkiya akamwambia, mama, ni maneno manne. Akamwambia hata yeye alishika birika akamnawisha yule mwanamke uchafu wa nyumbani kwake mwenyewe, na hakufa. Alisema kwa uchungu, maana miaka yote Bimdogo anamwona yeye ndiye mwepesi wa kuinama, na sasa kuinama ndiko kunakohitajika na bibi hataki. Saud naye akasema mtu mwenyewe kafa zamani, hatajua.

"Mimi nitajua," Bimdogo akasema. "Baba yako alipomwagikiwa na soda ya kupikia sabuni, mguu mzima ukachubuka, nani alikuja akakaa kwenye mkeka wetu? Miezi minane mguu hauna ngozi, na mshahara unaletwa mlangoni. Wewe umezaliwa wodi gani, Saud?"

Saud akamwambia asianze.

"Wodi aliyojenga yeye. Umesoma skuli gani? Yake. Wazee wakamwendea, wakasema bwana, watoto wetu Waislamu, tunataka mwalimu wa Kurani. Akawapa mwalimu. Maalim Khelef, aliyekufundisha alifu mpaka ukahitimu, mshahara wake ulikuwa unatoka kwenye ile sabuni. Na siku ya kuhitimu kwako yule mzee alikaa nyuma kabisa, hajui hata neno moja, akapiga makofi pasipo mahali pake."

Saud aliinuka akafunga dirisha. Alimwambia mama yake kwamba hilo la Maalim asilirudie popote, asimwambie mtu, hata Turkiya asilisikie tena. Turkiya alikuwa amekaa pale pale. Kilichomtisha Saud si Kaltham. Alimwona kichwani mwake yule kijana wa msikitini, anageuka nyuma, anamwangalia.

"Wewe unamwogopa nani?" Bimdogo akamuuliza. "Kurani ni ya Mungu, aliyelipa alilipa ada tu."

"Mama, nyamaza."

Ndipo Huwaida alipozungumza, kutoka mlangoni. Alisema kitu kimoja, kwa sauti ndogo. "Bibi, mimi nina miaka ishirini na saba."

Bimdogo aliinua macho kwenye sinia. Wenzake wote aliosoma nao Huwaida walishazaa, wengine mara tatu, na bibi alijua hivyo kwa sababu yeye ndiye aliyewapikia uji wa uzazi. Akarudi kwenye mchele wake, akatoa jiwe, akaliweka pembeni.

"Nitakwenda Nizwa," akasema.

Kila mmoja akachukulia amekubali.

Walikwenda kwa magari mawili, la Ghaith mbele limembeba Kaltham na Shurooq na dada wawili wa Kaltham, la Saud nyuma. Fanja Saud alisimama kununua chai, na wale wa mbele wakasimama pia lakini hawakushusha vioo. Bimdogo aliwanunulia mkate wa moto, akatuma upelekwe. Ulirudi.

Duka la sonara lilikuwa kichochoro cha nyuma sokoni, dogo, watu wanane hawaenei. Sonara mzee, hajui hata neno la Kiswahili, aliifungua medali kwa koleo, akaisugua kwa kidole gumba, akauliza kwa Kiarabu kwa nini fedha nzuri hivi iyeyushwe. Kaltham akamwambia afanye kazi yake. Sonara akaiweka kwenye kijungu cha kuyeyushia, akapuliza gesi. Ndevu za Bwana Zelikman zilianza kulainika, jengo lake na bomba lake likazama, na miwani ilikuwa ya mwisho kuondoka. Kikabaki kitone kinachong'aa, kinatetemeka. Sonara akataka kukipima awape haki yao. Shurooq akasema hawakitaki, kibaki kwake, wala asikitie kwenye pambo la Muislamu. Yule mzee alikubali haraka sana.

"La pili," Kaltham akasema.

Bimdogo alijifunga vizuri mtandio wake.

"Kaltham," akasema, "siku ile nilikukosea. Ule mzaha wa khalti haukuwa na adabu, na nilikuaibisha mbele ya watu waliokuja kwa ajili yako. Hilo naomba unisamehe, kwa moyo, na hawa dada zako mashahidi. Lakini yule mtu namjua. Kanitendea wema. La kusema simjui sina."

Kwa nukta moja, Kaltham alikaribia kulegea. Sitini na nne kulikuwa na jirani aliyewaficha siku tatu chini ya kitanda chake, mtu wa upande usiokuwa wao, ambaye jina lake Kaltham hajalitamka tangu siku ile mbele ya mtu yeyote. Likamfika mpaka ulimini. Halafu akaona dada zake wanamwangalia yeye, wanangoja atafanya nini, na jina likarudi lilikotoka. Akavuta mkoba wake begani. Akamwambia Ghaith, twende.

"Mama yangu akili imeondoka," Saud akasema.

Alisema kwa Kiarabu, kwa sauti, na sonara asikie. Akaendelea bila kumwangalia mtu. Mwaka wa pili huu, akasema, wao wameficha tu kwa aibu. Anachanganya majina, anatunga watu. Hakuna Zelikman yeyote. Baba alikuwa na duka lake Mwanza, duka la nguo, na kile kipande cha fedha alikiokota sokoni.

Turkiya alichelewa kidogo, kisha akaitikia kwa kichwa.

"Saud," Bimdogo akasema. "Mimi?"

Sonara akatoa kiti chake mwenyewe, akamkalisha. Akamfungulia chupa ya maji ya Tanuf, akamshikia mdomoni. Bimdogo akasema hana kiu, akasema yuko mzima, akataja jina lake na la baba yake na la babu yake, na kila alichotaja kilizidi kuwathibitishia. Mtu mzima wa akili hajitajii nasaba yake dukani. Kaltham akamwangalia kwa jicho jipya, jicho laini, ambalo hajawahi kumwangalia nalo hata siku moja. Ilikuwa imemsaidia na yeye. Kuchekwa na mwendawazimu si kuchekwa.

"Maskini," akasema. "Si mngesema siku ile ile."

Ghaith alishusha pumzi, akamtafuta Huwaida kwa macho. Huwaida alikuwa ameshika mkufu, anaangalia lile pengo la katikati.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Sanduku la udi lilirudi, na jengine kubwa zaidi juu yake. Kaltham alimpokea Bimdogo mlangoni mwenyewe, akamshika mkono, akamkalisha kiti cha mbele chenye mto, na kila mgeni aliyepita alimnong'oneza. Wakawa wanakuja mmoja mmoja, wanainama, wanapaza sauti kama wanamwita mtu aliye mtoni. Shikamoo bibi, unanijua mimi nani? Akiwataja kwa majina sawasawa, wanapongezana.

Halwa ilipoletwa, Kaltham alimega kwa vidole vyake akampelekea mdomoni. Wanawake walikuwa wanaangalia, wengine machozi yanawalengalenga kwa uzuri wa jambo lile, mkwe anamlisha bibi wa upande wa pili. Bimdogo akausogeza mkono.

"Mimi nina mikono," akasema. "Na akili ninayo. Bwana Zelikman alikuwepo. Kiwanda kilikuwa karibu na ziwa. Mwanangu Saud amesomeshwa Kurani kwa pesa yake, muulizeni."

"Eeh bibi," Kaltham akasema. "Sawa bibi. Kula."

"Kweli bibi," mwengine akasema, na mwengine akampangusa mdomo ambao haukuwa na kitu.

Sasa alikuwa anaweza kusema lolote. Lile Saud aliloliogopa kuliko yote alishalisema kwa sauti ukumbini, mbele ya nusu ya wanawake wa Ibra, na halikumdhuru mtu. Bimdogo akalielewa hilo polepole, akiwa na mto mgongoni. Akageuka kwenye kosha, jukwaa la maharusi, alikokaa Huwaida na nguo yake ya kijani na dhahabu mpaka kiunoni. Hapakuwa mbali, hatua nne.

"Huwaida. Waambie, mwanangu."

Muziki ulikuwa umepunguzwa kwa ajili ya picha. Wanawake wote wakamgeukia biharusi. Shurooq alikuwa kando yake, anamshikia pindo la shela. Huwaida alimwangalia bibi yake, na kila mtu aliyekuwa karibu aliona kwamba midomo yake ilitaka kufanya kitu.

"Bibi amechoka," akasema. "Mrudisheni nyumbani."

Turkiya akaja akamshika kwapa. Mpiga picha akaomba wapishe.

Nje Saud alikuwa na wanaume wenzake kwenye maegesho, wanampa mkono, wanamwombea mema, na yule kijana wa msikitini akiwa mmoja wao, kambusu bega. Alipomwona mama yake akawaomba radhi, akamfungulia mlango, akamfunga mkanda yeye mwenyewe. Turkiya akarudi ndani. Saud akaketi, akawasha gari, akapandisha vioo vyote.

"Sasa hapa tuko wawili," Bimdogo akasema. "Sema tu. Mimi akili yangu mbovu?"

Tangu kuzaliwa Saud hajawahi kuzungumza na mama yake lugha isiyokuwa Kiswahili. Aliangalia kwenye kioo, wale wanaume walikuwa bado wamesimama, wanapunga mikono. Akamjibu kwa Kiarabu, polepole, kwa sauti kubwa, neno moja moja, kwamba apumzike, wanakaribia kufika.